Ubeti wa Saba wa Mvua ya Jirani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Ngara, Ndugu Afisa Elimu, Mkuu wetu wa shule, Mchungaji uliyetufungulia kwa sala, waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Murukulazo na Kasulo, ndugu zetu mliotoka Biharamulo, ambao vumbi la barabara bado liko mabegani, wanafunzi mliojazana madirishani, na ninajua kabisa hamkuja kwa ajili ya hotuba bali kwa ajili ya harufu ya pilau, na wewe mwenyewe uliyetukusanya, Mwalimu Novatus Ntahondi, pamoja na mama yetu Anneth: wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine wote, hamjambo. Mwaramutse. Mwangaluka.

Kwa wasionifahamu, naitwa Claudia Nzeyimana. Ninafundisha Kiswahili katika shule hii, na huu ni mwaka wa tano meza yangu inatazamana na meza ya Mwalimu Novatus. Marehemu baba yangu ni yule Jean Paul Nzeyimana aliyepiga gitaa katika bendi ya Urumuri Jazz, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi kule Lukole, mtu ambaye Mwalimu alimwandikia kitabu kizima kiitwacho Gitaa la Lukole. Kamati ilipotafuta mtu wa kumsifu mwandishi siku anayostaafu, ikajiuliza: nani zaidi ya binti wa huyo aliyeandikwa? Wakanipa dakika kumi na tano na wakaniomba nisilie. Kulia sitalia. Dakika kumi na tano, hizo siwaahidi.

Nimesimama hapa na kazi mbili. Ya kwanza ni kumsifu Mwalimu, na hiyo ni nyepesi. Ya pili ni kumjibu. Mwaka 2023 Mwalimu aliniuliza swali nikakataa kulijibu, na mpaka asubuhi hii sijalijibu. Swali lenyewe ni hili: je, familia ya Nzeyimana inakubali kitabu kichapishwe upya, kikisema kwamba wimbo wa Mvua ya Jirani, ambao nusu yenu mmeuweka kuwa mlio wa simu, haukutungwa na Jean Paul Nzeyimana, bali ulitungwa na mama aliyeketi safu ya pili pale, mwenye kitenge cha bluu, Mama Kwandu wa Nyabusozi?

Mama Kwandu, shikamoo. Asante, mama.

Najua minong'ono iliyoanza sasa hivi. Wengine mlidhani yule ni shangazi wa mwalimu. Si shangazi. Amesafiri tangu jana na mwanawe Ngassa, na niliyemwalika ni mimi. Ana miaka sabini na minane. Mwalimu anaondoka kazini leo. Nikiendelea kuwa kimya, nani atabaki wa kuulizwa? Kwa hiyo leo nitajibu, mbele yenu, ili kesho nisipate pa kujificha. Lakini kwanza nivumilieni nimseme huyu mtu, maana bila kumjua yeye, jibu langu halitakuwa na uzito.

Mwalimu Novatus alianza kufundisha historia mwaka 1988. Mchana alifundisha ile ya kwenye mtaala, na likizo alikwenda kuitafuta ile ambayo haikuwamo. Alipanda baiskeli, baadaye pikipiki, baadaye bodaboda za watoto aliowafundisha, akiwatafuta wapiga magitaa, wapiga ngoma, wanakwaya, manju wa Kisukuma, wapiga zeze, na kila mtu aliyewahi kuwafanya wenzake waache kazi na kutikisa mabega. Wapo waliomcheka. Wapo, na wengine wamekaa humu, waliosema mwalimu mzima anafukuzana na walevi wa dansi wakati historia ni ya machifu na Wajerumani. Mnakumbuka alivyojibu? Alisema: "Mjerumani alikuja akaondoka. Dansi lilikuja likakaa. Sasa niambieni, nimwandike nani?"

Ameandika vitabu vitatu vya maisha ya watu, na katika hivyo vitatu hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa mkubwa wa ofisi. Kama mmewahi kuhojiwa naye mnajua adha yake. Ukimwambia, "Hiyo ilikuwa zamani," anakuuliza, "Mwaka gani?" Ukimwambia mwaka, anakuuliza, "Masika au vuli?" Ukimwambia masika, anataka kujua mahindi yalikuwa yamefika wapi. Harusini kwa mdogo wangu kule Murukulazo alimsimamisha mtu wa muziki katikati ya keki ili amuulize wimbo ule ulirekodiwa wapi, na bibi harusi akabaki na kisu mkononi, akingoja historia imalizike. Mama Anneth aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nyumba yangu ina redio nane, na hakuna hata moja inayonipa taarifa ya habari." Mama, cheka tu, wote tunajua ni kweli.

Na alikuwa na kanuni yake, walimu vijana muiandike. Alisema mtu haandikwi kwa maneno ya msibani, kwa sababu msibani kila marehemu alikuwa mwema. Ukitaka kumjua mtu, nenda kwa jirani aliyegombana naye, kaa, kula kwake, kisha sikiliza. Hivyo ndivyo alivyomwandika baba yangu. Ndani ya kitabu kile baba yangu anachelewa mazoezi, anauza blanketi ili anunue nyuzi za gitaa, anagombana na mpiga besi kwa sababu ya sigara moja. Nilikisoma nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikamkuta baba yangu humo akiwa hai. Alifariki mimi nikiwa na miaka mitano. Sina picha yake hata moja. Wenzangu wamerithi shamba, wamerithi ng'ombe, wamerithi jina la ukoo lenye watu kumi nyuma yake. Mimi nilirithi wimbo.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe.

Vijana wa leo mnaucheza tu, lakini waliokuwa Lukole miaka ile waliusikiliza wamekaa kimya. Unasema habari za mtu ambaye mvua imemruka, imenyesha kwa jirani, na yeye anasimama mpakani mwa shamba akinusa udongo uliolowa ambao si wake. Nani kambini hakuuelewa? Watu walikuwa wamekaa wakitazama milima ya kwao ng'ambo. Waliulilia. Kila Jumapili alasiri bendi ilipoupiga, hata waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha ndoo zao.

Mwalimu alifika kambini kuwarekodi mwaka 1999, mwezi wa tatu. Masika, Mwalimu, sijasahau. Alikuja na redio kaseti moja, kaseti chache, na betri za kuazima. Na kwa kuwa bendi ilikuwa na nyimbo nyingi kuliko kaseti alizokuwa nazo, akafanya kama alivyozoea kufanya kila mahali: beti tatu na kiitikio, kisha anabonyeza kitufe, wimbo mwingine. Beti tatu na kiitikio, anabonyeza. Aliona ni busara. Nani angemlaumu? Mpishi mwenye chungu kimoja na wageni arobaini hampimii mtu mmoja sahani mbili.

Kaseti ile ndiyo pekee iliyobaki duniani yenye sauti ya baba yangu. Kambi ilifungwa, wanabendi wakarudi kwao, gitaa lenyewe sijui liko wapi. Kaseti ikaenda redioni, ikatoka redioni ikaingia kwenye memori kadi, ikatoka kwenye memori kadi ikaingia kwenye simu zenu. Na mwaka 2010 kitabu kikatoka, na ukurasa wa arobaini na moja ukasema: mtunzi, Jean Paul Nzeyimana.

Ndugu zangu, ninyi mliotoka upande wa Biharamulo mnajua jambo ambalo sisi Wahangaza na Warundi hatulijui. Kwa Wasukuma, manju anapotunga wimbo wa kulima, hajitaji mwanzoni. Anaimba kwanza, anawachosha watu kwa jembe, na mwishoni kabisa, wakati jua limeshapanda na mstari wa palizi umeisha, ndipo anapoweka jina lake na la mahali anapokaa. Anayetaka kujua wimbo ni wa nani sharti alime mpaka mwisho wa shamba. Na Mvua ya Jirani ina beti saba.

Mwaka 2022, Mama Kwandu alikuwa kwenye mashine ya kusaga pale Nyabusozi, amekaa juu ya gunia lake akingoja zamu. Kijana wa mashine akawasha simu. Mama akasikia wimbo wake. Ulikuwa na gitaa, ulikuwa na Kiswahili badala ya Kisukuma, lakini mtu anaweza kumsahau mtoto wake kwa sababu amevaa shati jipya? Akasikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiitikio. Kijana akaweka wimbo mwingine. Mama akamwambia, "Rudisha, haujaisha." Kijana akamwambia, "Bibi, umeisha." Akasema, "Haujaisha. Rudisha." Wakaurudisha mara nne. Mara ya nne mama akabeba gunia lake, mahindi hayajasagwa, akaenda nyumbani. Ngassa aliponisimulia hayo aliniambia, "Mwalimu, mimi mama yangu sijawahi kumwona anarudi na mahindi kutoka mashine."

Ngassa ndiye aliyemtafuta Mwalimu Novatus. Alifika hapa shuleni na kofia mkononi, akamwamkia, akasema, "Mwalimu, samahani. Wimbo wa mama yangu uliobaki uko wapi?"

Sasa hapa ndipo mtu anapopimwa. Mwalimu alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Kitabu chake kilikuwa kwenye maktaba za shule, na wageni kutoka vyuo vikuu walikuwa wanapanda mabasi kuja kumwuliza maswali. Angeweza kusema, "Mzee wangu, hayo ni ya zamani." Angeweza kusema, "Leta ushahidi." Mangapi tumeyaona yakizikwa kwa maneno hayo mawili, leta ushahidi! Yeye alikunja suruali, akaomba ruhusa ya siku nne, akaenda Nyabusozi.

Akamkuta Mama Kwandu shambani. Akajieleza, akatoa kinasa sauti, akatafuta mahali pa kukaa. Mama akamtazama. Akamwambia, "Unakaa uende wapi? Wimbo wa jembe hausimuliwi na mtu aliyekaa." Akampa jembe. Miaka hamsini na saba, mgongo wenyewe mnaujua, mwalimu wetu akapalilia mstari mzima wa mahindi pembeni ya mama yule, naye mama akaimba, na kinasa sauti kilikuwa kimefungwa kwenye mti wa muhogo, kinazunguka chenyewe, hakuna wa kukibonyeza. Ubeti wa kwanza mpaka wa saba. Na katika wa saba, jina likatoka.

Ndipo mama akamweleza habari nzima. Mwaka 1998, wakati wa palizi, kijana Mrundi alitoroka kambini akaja kutafuta kibarua, na mzee Bulugu, mume wake, akampokea. Alilima kwao mwezi mzima. Siku ya kuondoka hakuomba nyongeza yoyote, aliomba wimbo. Mama akamwambia, "Chukua. Ila usiniache njiani." Yule kijana akaapa kwa Mungu wake kwamba popote atakapouimba, atamtaja mwishoni, kama inavyotakiwa. Ndiyo maana kwenye mashine mama hakukasirika kwamba wimbo umechukuliwa. Alikuwa anasubiri tu kufika mwisho amsikie yule kijana akitimiza ahadi. Akaondoka akiamini kwamba kijana alimdanganya.

Mwalimu alirudi Ngara akakaa kwenye kiti chake mbele ya meza yangu. Aliniambia, "Claudia, nilikuwa nabana kaseti, kumbe nimebana jina la mtu." Kisha akaniuliza lile swali.

Nataka mjue nilivyomjibu siku ile, maana sikualikwa kuja kujipamba. Nilisimama. Nilimwambia, "Baba yangu alikwisha kuzikwa, Mwalimu. Unataka kumzika mara ya pili?" Nilimwambia kama ana shida na vitabu vyake ajitafutie marehemu mwingine. Nilimwambia asithubutu kwenda kwa mama yangu Speciosa na habari hizo, kwa sababu mama ana presha na akifa atakuwa amemuua yeye. Nilisema hayo kwa mtu aliyenifundisha, aliyeniombea kazi katika shule hii, mtu ninayepaswa kumwamkia kila asubuhi. Mwalimu, nilikosa adabu. Ninakuomba radhi mbele ya watu wote hawa, na mbele ya Mama Anneth, ambaye siku ile ulimrudia nyumbani ukiwa huna raha.

Yeye alijibu nini? Alisema, "Sitaandika neno bila ninyi. Alikuwa baba yenu kabla hajawa kitabu changu. Nitasubiri. Lakini huyu mama, Claudia, hana muda wa kutusubiri sisi." Akafungua daftari la mahudhurio akaendelea na kazi.

Akasubiri miaka miwili. Hakunikumbusha hata mara moja. Lakini mnadhani alikaa bure? Alizunguka maktaba zote za shule zenye kitabu kile, Ngara na Biharamulo, na katika kila nakala, ukurasa wa arobaini na moja, akabandika kipande cha karatasi alichoandika kwa mkono wake: "Habari ya wimbo huu ina kosa. Kosa ni la mwandishi." Hakuandika la Nzeyimana. Hakuandika la bendi. La mwandishi. Nilipokiona kile kipande kwenye nakala ya shule yetu nilitaka kukibandua. Nilikikwaruza kwa ukucha, kikakataa. Mwalimu, hiyo gundi ulinunua wapi?

Ndugu mgeni rasmi, ndugu wageni waalikwa, sasa nasema lile ambalo hata Mwalimu halijui. Nimesema nilikataa kwa ajili ya heshima ya baba yangu. Si kweli. Nilikataa kwa sababu niliujua ubeti wa saba.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilifungua sanduku la bati la mama nikitafuta cheti changu cha ubatizo, nikakuta daftari la kurasa arobaini na nane, mwandiko wa baba. Nyimbo. Nikafika kwenye Mvua ya Jirani na nikaona beti zimeendelea: wa nne, wa tano, wa sita. Na wa saba una jina la mwanamke. Mwanamke wa mbali, ambaye hakuwa mama yangu.

Mimi ni mtoto wa dansi. Nilikulia kwenye nyimbo za dansi, na katika dansi, jina la mwanamke likitajwa mwishoni mwa wimbo, kila mtu anajua ni nani kwa mwimbaji. Nani angeniambia habari za manju na mistari ya palizi? Nilijua baba alikuwa na mtu. Nilijua wimbo ule ambao mama yangu aliusikiliza redioni akifuta macho, uliimbiwa mwanamke mwingine. Nikaliondoa daftari sandukuni. Nikalificha kwenye begi langu, nikahama nalo kutoka bweni hadi bweni, chuo hadi chumba cha kupanga, miaka kumi na minne, ili mama yangu asilione kamwe. Na miaka yote hiyo nilimchukia mwanamke anayeitwa Kwandu. Nilikuwa nikisikia jina hilo sokoni nageuka nimwone ana sura gani.

Kwa hiyo Mwalimu alipokaa mbele yangu akalitamka jina lile na kunieleza ni la nani, mimi nilielewa papo hapo. Nilielewa kabla hajamaliza. Baba hakuwa na mtu. Baba hakuwa mwizi. Baba alikuwa ametimiza ahadi yake kwa mwandiko wake mwenyewe, na ushahidi ulikuwa chini ya nguo zangu. Ningepaswa kucheka kwa furaha. Badala yake niliona aibu, na aibu ikawa na kelele, mkasikia nilivyomjibu mzee wa watu. Ningelitoaje daftari bila kusema kwa nini nililificha? Ningemwambiaje mama yangu nilimfikiria nini mume wake?

Wiki iliyopita nilikwenda Murukulazo. Nikaliweka daftari mapajani mwa mama, nikamsomea, nikasubiri presha. Mama yangu, yuko pale, amevaa gauni la kwaya, mama yangu akauimba. Ubeti wote wa saba, bila kutazama. Akasema, "Huu nimeusikia wewe ukiwa mgongoni. Baba yako aliniambia habari za yule mama wa Nyabusozi siku ile ile aliporudi, na mahindi ya kuchoma aliyompa nilikula mimi." Nikamwuliza, "Mama, sasa mbona redioni umekatwa miaka yote hii na hukusema?" Akasema, "Redio hukata nyimbo zote." Nikamwuliza, "Na kitabu?" Akaniambia, "Mwalimu alikuja akawauliza wanaume wa bendi. Mimi nilikuwa jikoni, ninapika chakula alichokula. Nani aliniuliza?"

Mwalimu Novatus, hilo ni lako na langu. Wewe ulikula kwa jirani aliyegombana na baba yangu, ukamsahau aliyelala naye nyumba moja. Mimi nilimlinda mama yangu miaka kumi na minne dhidi ya jambo alilolijua kuliko mimi. Tulikuwa watu wawili tuliosoma, na jibu lilikuwa linachochea kuni.

Basi jibu langu ni hili. Familia ya Nzeyimana inakubali. Na haikubali kwa shingo upande, inadai. Inadai toleo jipya litoke, na lisitoke mwakani bali mwaka huu. Inadai lianzie Nyabusozi, shambani, si Lukole. Inadai mahali palipoandikwa mtunzi liandikwe jina la Mama Kwandu, na jina la baba yangu liandikwe chini yake, kwa herufi ndogo kama mnataka, kwamba ndiye aliyeubeba. Mwalimu, utaambiwa umestaafu, nenda kapumzike. Usipumzike. Mimi nitakaa nawe kila Jumamosi, nitaandika wewe ukisema, na safari hii tutamhoji mama yangu, tutakwenda kwa kila mke, kila dada, kila mpishi wa kila mwanamuziki uliyemwandika, mpaka tujue nini kingine tumekibonyeza kabla hakijaisha. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, hatuombi jengo. Tunaomba barua moja kwa shule zote, nakala za zamani zisitupwe. Zibaki na kile kipande cha karatasi, ili watoto wetu waone mtu mzima anavyokiri kosa lake.

Mama Kwandu, mimi nakuomba msamaha wa peke yake, kwa sababu kosa langu kwako ni la peke yake. Mwalimu alilipoteza jina lako bila kujua. Mimi nililificha nikijua liko wapi. Yule kijana aliyelima kwenu hakukuacha njiani. Uliachwa na mimi. Daftari ni hili. Wewe hukusoma, nami nina miaka mingi ya kusoma isiyonisaidia kitu, kwa hiyo nitakusomea alichoandika, kisha nitalileta hapo ulipo na litakuwa lako.

Kwandu wa Nyabusozi, sikuachi njiani,
Nikifika mjini, utafika mjini,
Makofi wakipiga, ni yako mkononi,
Jina lako mwishoni, likae midomoni.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Yale makofi msinipigie mimi.